Malawi walivuka asilimia 10 ya bajeti kwenye kilimo, umaskini ukabaki nusu ya nchi. Sisi tunapigania nini?

Bibi Hesabu #1
Wakuu salaam.

Kila Juni ni wimbo uleule. Maputo 2003 viongozi wa Afrika walikubaliana asilimia 10 ya bajeti iende kilimo. Malabo 2014 wakarudia, wakaongeza na ahadi ya kupunguza umaskini kwa nusu ifikapo 2025. Kampala, Januari 2025, wakarudia tena kwa miaka 2026 hadi 2035. Kwetu Tanzania, 2024/25 Wizara ya Kilimo ilitengewa kama trilioni 1.248 kati ya bajeti ya trilioni 49.35. Gawanya mwenyewe, ni asilimia 2.5.

Sasa tazameni Malawi. Tangu walipoanza ruzuku yao ya mbolea 2005/06, miaka mingi wamekuwa juu ya hiyo 10. Umaskini wa kitaifa 2010/11 ulikuwa asilimia 50.7, 2016/17 ukawa 51.5, 2019/20 ukarudi 50.7. Yaani umekaa palepale kwa muongo mzima. Ethiopia nao walivuka 10 miaka mingi, lakini wao walitoka 38.7 (2004/05) wakaenda 29.6 (2010/11), kisha 23.5 (2015/16).

Kiwango kimoja, matokeo mbalimbali. Naomba wenye kujua mambo ya bajeti watueleze. Siasa za vyama zina jukwaa lake.

Kasma ya Nne #2
Jibu langu fupi: asilimia 10 inapima kilichoandikwa kitabuni, na mkulima halimi kitabu.

Msumari wa kwanza ni fedha kutotoka. Rejea 2016/17 hapa kwetu. Fungu 43 (Wizara ya Kilimo) lilitengewa zaidi ya bilioni 100 za maendeleo, na hotuba ya bajeti ya mwaka uliofuata ikakiri kwamba hadi Mei zilizopokelewa hazifiki hata asilimia 5. Ungeiandika bilioni 500 badala ya 100 ingebadilisha nini?

Sababu ni mpangilio wa malipo. Makusanyo ya mwezi yakiingia, linatangulia deni la Taifa, halafu mishahara, halafu OC (matumizi mengineyo ya uendeshaji), miradi ya fedha za ndani inasubiri mkiani. Mapato yakipungua kidogo, anayekatwa ni wa mkiani, na miradi mingi ya kilimo imekaa hapo.

Chapati Mbili #3
Mkuu #2 unaongea kama mhasibu wa wizara aliyetoroka kikao.

Kasma ya Nne #4
Nipo kikaoni hapa hapa, tunasubiri chai.

Mnyasa #5
Bibi Hesabu, Malawi wana tatizo tofauti na la #2. Wao fedha zilitoka, tena zilitoka kupita kiasi. Mwaka 2008/09 mbolea ilipopanda duniani, mpango mmoja tu wa ruzuku ulimeza kama asilimia 16 ya bajeti yote ya nchi. Ndani ya wizara yao ya kilimo ruzuku imekuwa ikila zaidi ya nusu ya fungu. Kinachobaki kinagawanywa kwa utafiti, ugani, umwagiliaji, mifugo, maghala. Kwa hiyo ile 10 ni mfuko mmoja wa NPK, mfuko mmoja wa Urea na mbegu kidogo, basi.

Mbolea yenyewe ni ya kuagiza. Kwacha ikishuka, kama Mei 2022 (asilimia 25) na Novemba 2023 (asilimia 44), fungu lilelile linanunua mifuko michache. Mpango wa ruzuku uliofuata, AIP wa 2020/21, ulilenga karibu kila kaya ya mkulima mdogo. Miaka mitatu baadaye wakapunguza hadi kama milioni 1.5. Sehemu ya bajeti kwa asilimia inaweza kubaki kubwa huku mifuko inapungua.

Kaka wa Kitale #6
Hamjambo jirani. Msisahau 2022 ambapo Malawi waliilipa kampuni ya Uingereza pesa za mbolea, kumbe kampuni yenyewe inajulikana kwa biashara ya nyama. Waziri akapigwa kalamu. Hiyo nayo huingia kwenye ile 10, maana pesa ikishatoka hazina imehesabiwa imetumika kwa kilimo.

Chapati Mbili #7
Nyama choma kwa ruzuku 😂

Mtu wa Takwimu #8
Nawasihi msikimbilie kusema ruzuku haikufaa. Angalieni tarehe za tafiti za kaya zilizotoa hizo namba. Ule wa 2016/17 ulianza Aprili 2016, katikati ya ukame wa El Niño. Ule wa 2019/20 ulianza Aprili 2019, mwezi mmoja baada ya kimbunga Idai. Unapima matumizi ya kaya mwaka ambao kaya haina chakula, halafu unahukumu sera ya miaka kumi.

Pili, idadi ya watu. Sensa yao ya 2008 ilihesabu kama milioni 13.1, ya 2018 milioni 17.6. Kubaki asilimia 50 wakati watu wameongezeka milioni 4.5 juu ya ardhi ileile, na kaya nyingi zina chini ya hekta moja, si sawa na kusimama.

Tatu, Ethiopia. Ile 10 yao imechanganya mambo. Mpango wao wa kinga ya kaya maskini, PSNP, ulioanza 2005, ulikaa chini ya wizara ya kilimo. Yaani fedha zinazolipwa kaya zenye njaa kwa kazi za kuchimba matuta na kupanda miti zinasomeka kama matumizi ya kilimo. Kwetu kazi hiyo inafanywa na TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), haisomeki Fungu 43. Ukitaka kulinganisha, ama umtoe PSNP kule, ama umuingize TASAF huku.

Bibi Hesabu #9
Mtu wa Takwimu asante, hilo la PSNP linabadilisha hesabu kabisa. Sasa hiyo 10 inahesabiwaje? Nani anaamua kipi ni kilimo?

Kasma ya Nne #10
Kuna mgawanyo wa kimataifa wa kazi za serikali, unaitwa COFOG. Kilimo, misitu, uvuvi na uwindaji ni namba 04.2. Mfereji wa umwagiliaji umo. Utafiti wa kilimo una namba yake, 04.8.2, na Umoja wa Afrika wanauongeza. Miradi ya matumizi mengi, mfano bwawa la umeme ambalo pia linamwagilia, ina namba 04.7.4, na hapo ndipo nchi hujitanua wakitaka kufika 10.

Barabara ya kijijini inakwenda uchukuzi, haihesabiwi kilimo. Umeme wa mashine ya kukoboa mpunga unakwenda nishati.

Kwa hiyo ile 2.5 ya mleta mada ni pungufu kidogo. Ongeza Mifugo (Fungu 99) na Uvuvi (Fungu 64). Ongeza mishahara ya maafisa ugani wa halmashauri, ambao hawako wizarani kabisa, wako mafungu ya mikoa. Ukiongeza vyote hufiki 10, lakini 2.5 hubaki nayo peke yako.

Dereva wa Fuso #11
Hapo kwenye barabara ndipo pana mjadala, wakuu. Utafiti wa IFPRI (taasisi ya kimataifa ya sera za chakula) kule India mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipanga matumizi ya serikali kwa kila rupia. Katika kupunguza umaskini, barabara za vijijini zilishika namba moja, utafiti wa kilimo namba mbili. Wakafanya Uganda pia: utafiti na ugani mbele, barabara ndogo za kulishia zikafuata. Na zilizopunguza umaskini ni zile za chini kabisa, za lami na changarawe nzuri hazikuonyesha tofauti kubwa.

Kwa hiyo matumizi yenye faida zaidi kwa mkulima maskini hayahesabiwi kwenye asilimia 10. Waziri anayetaka kusifiwa Addis, kwenye makao ya Umoja wa Afrika, anaweka fedha kwenye mbolea, hawezi kuziweka TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini).

Na kinachokata barabara ya mazao sana sana ni vivuko. Unaweza kuchonga kilomita 20, lakini kalvati moja ya milimita 600 pale panapotaka 900 inaziba kwa majani mvua ya kwanza, maji yanapita juu, tuta linakatika, Fuso inageuka. Kuanzia hapo gunia linatoka kwa bodaboda, na bodaboda anabeba mawili. Nauli hiyo anakatwa mkulima kwenye bei, mnunuzi hailipi.

Sululu #12
Mnaipiga ruzuku kama haina kazi. Tuweke hesabu.

Msimu wa 2022/23 serikali ilitenga bilioni 150 za ruzuku ya mbolea. DAP ilikuwa kama 131,000 kwa mfuko wa kilo 50, Urea kama 124,000. Zikashushwa Urea 50,000 na DAP 70,000. Bila hilo, nani Songwe angepanda na mbolea mwaka ule?

Mnyasa #13
Rekebisha. Urea ilikuwa 70,000 sawa na DAP. Ya 50,000 ilikuwa SA, na CAN 60,000.

Sululu #14
Sawa, 70,000. Hoja haibadiliki.

Mpunga wa Mbarali #15
Hoja inabadilika ukiingia shambani. Mfuko wa Urea una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Udongo wenye mboji ya kutosha, mbegu chotara, palizi kwa wakati na mvua ya kawaida, kilo moja ya naitrojeni inakupa kama kilo 15 za mahindi ya ziada. Mfuko mmoja, kilo 345. Kwa bei ya mavuno ya shilingi 400, ni 138,000. Ukinunua kwa 70,000 umepata karibu mara mbili. Ukinunua kwa 124,000 umepata 1.1, hapo hujalipa kibarua wala usafiri.

Sasa udongo uliochoka, pH chini ya 5.5 (yaani una tindikali), magugu yamewahi: kilo moja inakupa 8 tu. Mfuko unatoa kilo 184, thamani 73,600. Hata kwa bei ya ruzuku umerudisha hela yako na nauli ya bodaboda umekosa. Kwa bei kamili umepoteza.

Maana yake ruzuku ileile inamfaidisha mwenye udongo mzuri na hela ya palizi, na yule maskini mwenye shamba lililochoka anaambulia patupu. Kwake kilichotakiwa kutangulia ni chokaa na samadi, na afisa wa kumpimia udongo.

Bibi Hesabu #16
Hapa ndipo nilipotaka tufike. Na hiyo 150 ilitosha watu wangapi?

Mpunga wa Mbarali #17
Tofauti kwa mfuko ni wastani wa kama 57,500. Bilioni 150 ugawe, unapata mifuko milioni 2.6, sawa na tani 130,000. Kwa mifuko miwili kwa ekari, ni ekari milioni 1.3. Hapo nimechukulia hakuna mfuko uliovuka mpaka usiku.

Chapati Mbili #18
Hakuna uliovuka?? Mkuu una imani kubwa.

Kaka wa Kitale #19
Kwetu Kenya shida huwa mlangoni. Mbolea ilitolewa kwa Sh3,500 mwishoni mwa 2022, 2023 ikashuka Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Umesajiliwa, SMS imekuja, lakini depo ya NCPB (bodi ya nafaka) iko kilomita 40. Mwenye ekari 20 anakodi lori na nauli kwa mfuko inakuwa ndogo. Mwenye robo tatu ya ekari anapanda matatu na mfuko mmoja, ama anamwachia jirani namba yake. Mwaka wa 2024 nao ukaanza na mbolea ghushi ndani ya mpango wenyewe, KEBS (shirika la viwango) wakathibitisha haifikii kiwango. Hasara ya mahindi ya msimu mmoja huwezi kuilipa kwa kumrudishia mtu mfuko mwingine.

Tena kilimo kwetu ni kazi ya kaunti tangu 2013, Jedwali la Nne la Katiba. Lakini mbolea inanunuliwa Nairobi. Ukisoma asilimia ya bajeti ya taifa pekee, kaunti 47 umeziruka. Ukisoma za kaunti, nyingi zinalipa mishahara.

Salfa Kumi na Nne #20
Naona mmeshikilia nafaka. Njooni korosho muone upande wa pili, serikali inapochukua badala ya kutoa.

Kuna ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa. Sheria ilielekeza asilimia 65 irudi kwenye zao: salfa (dawa ya kupulizia mikorosho), miche, utafiti wa kituo cha Naliendele. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Salfa ya ruzuku ikayumba.

Salfa haisubiri kikao. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho, unapiga maua na majani machanga. Kipimo ni gramu 250 kwa mti mkubwa, kila siku 14, mizunguko mitano. Ni kilo 1.25 kwa mti, mfuko wa kilo 25 unatosha miti 20. Ukikosa mzunguko wa kwanza na wa pili maua yameshaungua, huo wa tatu unapulizia majani. Mavuno ya 2017/18 yalikuwa kama tani 313,000, msimu uliofuata yakashuka hadi kama 225,000.

Asilimia 10 haionyeshi hili hata kidogo. Inahesabu kinachoingia kilimo, haitoi kilichotolewa kilimo.

Mtu wa Takwimu #21
Salfa, kushuka kwa 2018/19 usikubebeshe ushuru peke yake. Mvua zilikuwa mbaya baadhi ya maeneo, na msimu ule soko lilivurugika, wanunuzi wakagoma bei, serikali ikanunua kwa 3,300 kwa kilo kupitia jeshi. Sehemu ya korosho ilipita nje ya vitabu. Lakini kuhusu mzani, naafiki. Ongeza na mazuio ya kuuza mahindi nje, 2011 na 2017. Ukifunga mpaka Julai, bei ya Rukwa inaanguka papo hapo, na hasara ya mkulima pengine inazidi ruzuku aliyopewa Novemba. Hakuna fungu la bajeti linaloandika hiyo.

Sululu #22
Na ushuru wa mazao wa halmashauri asilimia 5 getini mmeusahau.

Kasma ya Nne #23
Ulishashuka 2017. Asilimia 3 mazao ya biashara, 2 ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unapita bure. Ila getini utasikia lugha nyingine.

Halmashauri zilielekezwa zirudishe asilimia 20 ya mapato ya mazao kwenye kilimo, 15 ya mifugo kwenye mifugo, 5 ya uvuvi kwenye uvuvi. Ukitaka kujua kama zinarudi, usisome bajeti. Omba taarifa ya utekelezaji ya robo ya nne uangalie safu ya "fedha zilizotolewa". Ile ya "fedha zilizotengwa" ina sura nzuri siku zote.

Mama Ugani #24
Nyote mmepita juu ya kitu kidogo kinachoua kingine kikubwa: OC.

2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki karibu 7,000. Ni jambo jema, na kwenye vitabu ni matumizi ya maendeleo, yanapendeza. Sasa iendeshe. Kata yenye vijiji vinne, kilomita 80 kwa wiki si nyingi. Ni kilomita 4,160 kwa mwaka. Lita moja inakwenda kama kilomita 40, unahitaji lita 104. Kwa 3,000 ni shilingi 312,000. Ongeza oili, plagi, mnyororo na sproketi, viatu vya breki, na tairi la nyuma ambalo changarawe inalimaliza mapema, umefika laki 5. Zidisha kwa 7,000, unapata bilioni 3.5 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya asilimia 3 ya ile bilioni 150 ya ruzuku.

Lakini bilioni 3.5 hiyo haiko kasma moja (mstari mmoja wa bajeti). Imetawanyika OC ya halmashauri 184, na OC ya idara ya kilimo ndiyo ya kwanza kukatwa mkurugenzi akibanwa. Ndiyo maana unaona pikipiki nyekundu imepumzika ofisi ya kata, afisa anasubiri mkulima amjazie lita moja. Mwenye kumjazia ni mkulima mkubwa. Hapo tena maskini ameachwa, na hakuna aliyeiba.

Dereva wa Fuso #25
#24 funga mjadala.

Mpunga wa Mbarali #26
Usifunge. Umwagiliaji una ugonjwa huohuo, kwa bei kubwa zaidi. Fungu 05, Tume ya Umwagiliaji, lilirushwa 2022/23 hadi zaidi ya bilioni 360. Mkandarasi anajenga banio la kuchepushia maji ya mto, anasakafia mfereji mkuu, hati ya malipo inakwenda, mradi unasomeka asilimia 90. Zilizobaki 10 ni kusawazisha majaruba, mifereji ya kutolea maji na milango ya kugawia. Ndizo zinazoamua kama maji yatafika jaruba la mwisho.

Bila mfereji wa kutolea, maji yanasimama, chumvi inapanda, baada ya misimu michache una kipande cheupe kisichoota kitu. Bila milango, wa juu anachepusha usiku, wa chini anapata maji mpunga ukiwa umeshachanua. Na wa chini mara nyingi ni mkodishaji, mwenye jaruba lake anaishi mjini. Banio likijaa mchanga chama cha wamwagiliaji kinatakiwa kuchangishana kuusafisha, ila ada imewekwa ya kupendeza wanachama, haikokotolewi kwa gharama ya kukodi ekskaveta.

Na malipo ya mkandarasi yakichelewa yanazaa riba. Hiyo riba nayo inahesabiwa matumizi ya kilimo.

Mtu wa Takwimu #27
Basi nafasi ya umaskini ni ipi humu? Tunazungumzia tija, Bibi aliuliza umaskini.

Kwetu umaskini wa mahitaji ya msingi ulitoka 34.4 (2007) hadi 28.2 (2011/12) hadi 26.4 (2017/18), vijijini 31.3. Mstari wa umaskini ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mkulima aliye karibu na mstari, magunia mawili ya ziada yanamvusha. Aliye chini kabisa, bibi mwenye wajukuu na nusu ekari, hana 140,000 za mifuko miwili ya bei ya ruzuku. Yeye ruzuku haimhusu, hata iwe asilimia 20 ya bajeti. Wake ni TASAF, na hapo tarehe ina uzito kuliko kiasi. Malipo yakitua Oktoba yananunua mbegu, yakitua Februari yananunua unga.

Hata Ethiopia mnayoisifu, kati ya 2005 na 2011 asilimia 10 ya chini kabisa hawakupanda. Waliopanda ni wa kati. Bei ya chakula ilimuumiza anayenunua chakula, na maskini wengi wa kijijini ni wanunuzi.

Mganda wa Bunju #28
Ssebo na nnyabo, Uganda walisema basi, tumpe mwananchi hela mkononi. PDM, mpango wa maendeleo wa parokia, wa 2022: shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, parokia zaidi ya 10,500, yaani zaidi ya trilioni moja ya kwao. Kaya inakopa hadi milioni moja kwa riba ya 6. Kabla yake walikuwa wanagawa miche kwa kutumia wanajeshi, miche ikifika kiangazi kimeanza. Sasa hela inafika, swali ni je, hiyo ni bajeti ya kilimo au ya mikopo?

Sululu #29
Ni bajeti ya kura 😀

Mama Ugani #30
Kuhusu kuchelewa miche, si Uganda tu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Fedha za kwanza zinaonekana mwishoni mwa Agosti au Septemba. Zabuni kwenye NeST (mfumo wa ununuzi wa serikali), siku za kutangaza, tathmini, rufaa, mkataba: ni Novemba. Nyanda za Juu Kusini mvua zimeshaanza. Mbegu iliyonunuliwa kwa bajeti ya mwaka huu inapandwa mwaka ujao, au inapandwa Januari na kufa kiangazi. Dawa ipo, mkataba wa miaka mitatu wenye kuagiza kila msimu, unaosainiwa Machi kwa ajili ya Novemba. Ila ukomo wa bajeti unatolewa wa mwaka mmoja, mwanasheria anakataa kusaini ahadi isiyo na kasma.

Kasma ya Nne #31
Mwanasheria yuko sahihi kisheria. Lakini barabara na madaraja yana mikataba ya miaka mingi, na kila mwaka kasma inapatikana. Kwa hiyo inawezekana wakitaka.

Bibi Hesabu #32
Wakuu, asanteni. Nimeona kila mtu ana mtuhumiwa wake: fedha kutotoka, ruzuku kula vyote, udongo, barabara, bei, tarehe. Swali langu la mwisho kwa Kasma: raia wa kawaida akitaka kukagua mwenyewe aanzie wapi?

Kasma ya Nne #33
Vitabu vya bajeti viko vinne, tovuti ya Hazina. Cha kwanza mapato. Cha pili matumizi ya kawaida ya wizara. Cha tatu mikoa na halmashauri. Cha nne maendeleo. Anza na cha nne, Fungu 43 na 05. Kila mradi una namba ya tarakimu nne. Ishike hiyo namba, kwa sababu majina hubadilishwa na mradi uliokufa hurudi na jina jipya. Angalia safu ya matumizi halisi ya miaka miwili nyuma, uiweke kando ya makadirio ya mwaka huu. Ukiona mradi umetengewa bilioni 8 kila mwaka na safu ya halisi ina milioni 200, umeshaelewa. Kisha tazama fedha za nje zimeandikwa mkopo au msaada.

Halafu cha tatu, halmashauri yako, idara ya kilimo, mafuta na matengenezo ya magari. Linganisha na posho za vikao.

Chapati Mbili #34
Halmashauri yangu: mafuta milioni 4, vikao na viburudisho milioni 11. Mkuu hivi viburudisho ni COFOG namba ngapi?

Mama Ugani #35
Tuwekee na mwaka wa nyuma yake, safu ya matumizi halisi. Makadirio hayo usihukumu nayo.

Chapati Mbili #36
Mafuta halisi laki 9. Viburudisho vimetumika vyote.